Siku niliyouita Kendu mji uliokufa

Marehemu baba yangu alikuwa baharia wa meli za reli. Tulikaa Kisumu, na majina ya bandari za Ziwa Viktoria niliyajua kabla sijajua majina ya mitaa ya pili, maana aliyataja kila aliporudi safari, akiwa bado ameinama mlangoni anavua viatu. Kila bandari alikuwa ameipa jina lake. Homa Bay ilikuwa "kwa mlima". Asembo ilikuwa "kwa kuku", kwa sababu hakuwahi kutoka huko mikono mitupu. Kendu aliiita "mji wa taa". Hilo alilitamka polepole, kisha akaendelea na viatu. Mimi kichwani nikajenga mji mkubwa wenye nguzo za stima kando ya barabara na maduka yanayowaka usiku kucha. Sikumuuliza anamaanisha nini. Nilidhani najua.

Alifariki nikiwa mtu mzima, mwalimu wa shule ya msingi, mwenye watoto wangu. Likizo ya Desemba iliyofuata nikaamua kwenda Kendu. Nimeishi Kisumu maisha yangu yote, na siku ya anga safi ukisimama Dunga unaviona vilima vya upande ule wa ghuba, lakini sikuwa nimewahi kukanyaga huko.

Matatu ya Homa Bay inapita Ahero kwenye mashamba ya mpunga, kisha Katito, halafu ziwa linajitokeza mkono wa kulia na kukusindikiza. Kendu Bay ya leo iko barabarani: soko, stegi, vibanda vya M-Pesa, hoteli za samaki. Ukitaka ile ya zamani, unapanda nduthi, yaani bodaboda, uteremke mpaka kwenye maji.

Nilifika saa sita mchana. Jua lilikuwa kali na hakukuwa na upepo hata wa kutikisa jani. Nikaona maduka ya zamani yenye baraza, mabati yamekula kutu, milango ya mbao imefungwa. Nikaona msikiti wa Tawakal. Nikaona gati ambalo nilikuwa nimelifikiria miaka yote hiyo, na kando yake mashua zimevutwa nchi kavu, korongo wawili wamesimama juu ya ukingo wa moja kama walinzi. Chini ya mti palikuwa na mwanaume amelala juu ya rundo la nyavu, amejifunika uso kwa kofia. Nikatoa simu nikaanza kupiga picha. Mlango uliofungwa, picha. Ukuta uliobanduka lipu, picha. Nilikuwa na huzuni, nakiri, lakini ilikuwa huzuni ya mtu aliyekuja nayo kutoka nyumbani na sasa anatafuta mahali pa kuitundika.

Mbele ya nyumba moja mwanamke mzee alikuwa akigeuza omena, dagaa wa ziwani, zilizoanikwa juu ya nyavu kuukuu. Alifanya hivyo kwa fagio laini, akizisukuma bila kuzivunja. Nikamsalimia, akaitikia vizuri. Na mimi, badala ya kukaa chini kama nilivyolelewa, nikauliza nikiwa nimesimama, simu mkononi:

"Mama, huu mji ulikufa lini?"

Akasimamisha fagio.

"Nani amekwambia umekufa?"

Nikaanza kujieleza. Nikamwonyesha milango. Nikasema kuna kimya, hakuna watu, hakuna biashara. Aliniacha niseme mpaka nikamaliza, halafu akasema kwa sauti ya chini sana:

"Hicho kimya ni watu wamelala. Wanangu wawili wako ndani hapo, wamerudi kutoka ziwani asubuhi. Punguza sauti."

Nimefundisha watoto zaidi ya miaka kumi na tano, na najua uso wa mtu anayeona aibu. Siku hiyo niliuvaa mwenyewe. Nikarudisha simu kwenye mkoba, nikaomba msamaha, nikauliza kama naweza kumsaidia. Akanipa fagio la pili. Hakusema kitu kwa muda mrefu. Tulipofika upande wa mwisho wa nyavu ndipo akauliza swali ambalo kwetu ndilo la kwanza, na ambalo mimi nilipaswa kulijibu kabla sijafungua kinywa kuhusu mji wake: "In nyar kanye?" Binti wa wapi wewe?

Nikasema Kisumu. Nikamtaja baba, nikasema alikuwa kwenye meli.

"Meli," akasema. Akaacha fagio, akavuka njia, akagonga mlango mmoja kati ya ile niliyoipiga picha nikidhani haina mtu. Akatoka mzee mwenye kofia ya mkono, akanipa salamu: "Salaam aleikum, mwanangu." Alikuwa kuli wa gati tangu ujana wake mpaka meli zilipoacha kuja.

Nilikuwa na daftari lenye maswali kumi na mawili. La kwanza lilisema: "Historia ya Kendu ni ipi?" Nililisoma kimoyomoyo mbele ya mzee yule nikaona halisomeki. Nani anaweza kukujibu hilo akiwa amesimama juani? Nikauliza kitu kingine: "Babu, pale palikuwa na nani?" Nikaonyesha mlango wa kwanza.

Swali hilo lilitosha saa mbili nzima. Tulitembea mlango kwa mlango. Hapa palikuwa na Mhindi wa nguo, mkewe alishona mashuka. Hapa palikuwa na fundi wa baiskeli. Hapa ghala la ngozi. Hapa palikuwa pa mafuta ya taa na sukari. Pamba ilitoka mashamba ya Karachuonyo, ikaja kwenye kinu cha kuchambulia, ikafungwa marobota, na marobota hayo mzee aliyabeba kwa mgongo wake mpaka melini. Mahindi pia, karanga pia, na samli. Alipotaja mzigo aliinama kidogo kila mara, mwili wenyewe ukikumbuka uzito.

Mengine nilikuwa nayajua kutoka vitabuni, na pale ndipo yalipopata miguu. Nawafundisha wanafunzi kwamba meli iliyoitwa William Mackinnon ilijengwa Scotland, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa huku na kushushwa majini Kisumu mwaka 1900, hata kabla reli haijafika Desemba 1901. Baada yake zikaja nyingine kubwa zaidi. Watoto huandika, tunaendelea. Sikuwahi kuwaeleza kwamba kwa sababu ya meli hizo, vijiji vidogo vya wavuvi kuzunguka ghuba viligeuka kuwa milango ya dunia: mzigo ukifika gatini Kendu, unaenda Kisumu, unapanda treni, unaenda Mombasa. Na wageni walikuja kwa njia hiyo hiyo ya maji. Juu kidogo ya mji kuna Gendia, ambako Waadventista walifungua misheni yao mwaka 1906 na baadaye wakaweka kiwanda cha kuchapisha vitabu. Umbali mfupi kutoka hapo ni Kanyadhiang, alikozaliwa baba yake Barack Obama. Wageni wengi huenda Kogelo, Siaya, kijiji kingine cha familia hiyo, na hilo halina ubaya, lakini huku pia ilipikwa sehemu ya historia hiyo na hakuna anayesimamisha gari.

Nikamuuliza mzee biashara iliondokaje. Nilitarajia sababu moja. Alinipa kidole: akakiweka kwenye ukuta wa ghala, karibu na usawa wa kifua chake.

"Maji yalifika hapa."

Alikuwa akizungumzia mvua zilizoanza mwishoni mwa 1961. Ziwa zima lilipanda, na kufikia 1964 lilikuwa limeongezeka takribani mita mbili na nusu. Alikuwa kijana mdogo. Watu walihama na milango yao, akasema, wakaing'oa na kuibeba kichwani kwa sababu mbao ilikuwa mali. Wengine walijenga upya, wengine wakapanda juu. Kisha mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na meli zikagawanywa kati ya nchi tatu. Hilo nalikumbuka kwa hadithi za nyumbani. Baba alikuwa akisema meli aliyoizoea aliiona mara ya mwisho mgongoni, ikienda Mwanza, na wenzake aliokula nao sahani moja wakawa watu wa nchi nyingine. Halafu barabara ikaboreka, lori likawa rahisi kuliko meli, na soko likafuata lori huko juu. Mwisho gugu maji likafunga ghuba miaka ya tisini, likawa zulia la kijani ambalo hata mtumbwi ulishindwa kulipenya.

"Kwa hiyo kila kitu kilipanda juu," nikasema.

"Duka lilipanda. Samaki hapandi mlima," akajibu.

Mwaka 2020 maji yalirudi. Mei ya mwaka huo kipimo cha maji ya ziwa kilichoko Jinja, Uganda, kilisoma mita 13.42, kikavuka kidogo rekodi ya 1964. Mwanamke wa omena, ambaye sasa nilikuwa namwita dani, yaani bibi, kwa sababu ndivyo wajukuu wake walivyomwita, alinionyesha alama ya pili, kwenye ukuta wa jiko lake. Alihamia kwa dada yake miezi kadhaa, maji yalipopungua akarudi. Nilimuuliza kwa nini alirudi. Aliniangalia kama mtu aliyeulizwa kwa nini anapumua, na nadhani nilistahili.

Alasiri alinipa mjukuu wake, msichana wa miaka kumi na miwili, anipeleke Simbi Nyaima. Ni ziwa dogo la duara, shimo la volkano lililojaa maji, karibu na mji kiasi cha kwenda kwa miguu. Maji yake yana magadi, rangi yake kijani kizito kwa sababu ya mimea midogo isiyoonekana kwa jicho, na heroe huja kula mimea hiyo. Siku hiyo walikuwa wachache upande wa mbali, mstari mwembamba wa waridi. Msichana alinikataza kurusha jiwe. Akanisimulia, kwa Kiswahili safi cha shuleni kilichochanganyika na Kijaluo pale hadithi ilipopamba moto, kwamba hapo palikuwa na kijiji. Usiku mmoja wa mvua watu walikuwa kwenye sherehe, wanakunywa na kucheza, akaja ajuza mgeni, mchafu, amelowa. Wakamfukuza. Mwanamke mmoja tu ndiye aliyemkaribisha, akamwotesha moto, akampa chakula. Ajuza akamwambia atoke na mumewe waende mbali. Mume hakukubali kuacha pombe. Mwanamke akaondoka, mvua ikanyesha, na kijiji kikazama na ngoma zake.

Hadithi hiyo nilikuwa nimeisikia kabla, kila Mjaluo ameisikia. Ila msichana alimalizia hivi: "Ndiyo maana dani hatakuacha ulale loji."

Na kweli, tuliporudi mkoba wangu ulikuwa umeshaingizwa ndani.

Hapa ndipo siku ilipogeuka. Yapata saa kumi na moja jioni nilisikia kikohozi, kisha bawaba ya mlango, kisha mwingine. Milango ile ile. Vijana walitoka wakijinyoosha, wakanawa uso nje, wakaketi vizingitini. Mama mmoja akawasha jiko la chapati palipokuwa baraza la Mhindi wa nguo. Mwingine akaleta birika la chai. Yule aliyekuwa amelala juu ya nyavu mchana alikuwa sasa anazikagua tundu kwa tundu, akishona palipotoboka; nyavu za omena zinatakiwa ziwe na tundu za milimita 10, na ikiwa ndogo kuliko hapo mnavua watoto wa samaki mkae njaa mwakani, akanieleza bila kuinua kichwa. Injini zikabebwa mabegani. Betri zikakaguliwa moja moja, taa zikawashwa na kuzimwa. Kwa nusu saa mtaa niliouita maiti ulikuwa na watu wengi kuliko stegi ya barabarani.

Watoto wa dani walinisalimia kwa heshima. Nadhani hakuwaambia nilichosema. Mkubwa akanieleza kazi yao ilivyo. Omena hufuata mwanga. Usiku wa mbalamwezi ni bure, ziwa lote lina mwanga na samaki hawajui waende wapi, basi mnasubiri giza. Mnaweka taa juu ya vielea, mnazitawanya, mnakaa mbali nazo kimya, na samaki wanapanda polepole kutoka chini. Zamani ilikuwa karabai za mafuta ya taa, zilizovuma kama nyuki na kuunguza mikono. Siku hizi ni betri zinazochajiwa kwa jua. Kutoka Aprili mpaka Julai uvuvi wa omena unafungwa ili wazaane, na hiyo miezi minne, akasema, ndiyo utakayoona mji umenuna kwelikweli, lakini hata hapo haujafa.

Wakaondoka giza lilipoanza kuingia. Dani akapika ugali wa mtama na samaki aina ya ngege wa kuchemsha, mchuzi mwepesi wa nyanya na chumvi, tukala na mzee wa gati, ambaye alikuja baada ya sala ya isha. Nikawasimulia kuhusu baba. Si mambo makubwa. Jinsi alivyokunja soksi zake. Jinsi alivyoogopa nyoka lakini hakuogopa dhoruba. Nilijikuta nasema vitu ambavyo sikuwa nimevisema matangani, ambako watu walikuja na hotuba. Nikawaambia pia kwamba aliiita Kendu mji wa taa, na kwamba mchana ule nilikuwa nimetafuta nguzo za stima za zamani, hata msingi wake, sikuona.

Dani na mzee wakatazamana. Dani akainuka, akajitupia leso mabegani.

"Twende."

Tulitembea gizani, mzee mbele na tochi aliyoielekeza chini tu. Gati lilikuwa bado na joto la mchana, nililihisi kwenye nyayo baada ya kuvua viatu. Halafu mzee akazima tochi.

Ziwa lilikuwa na mji juu yake. Sijui niseme vipi tena. Taa zilianza karibu na ukingo, chache, zikazidi kadiri jicho lilivyokwenda mbali, zikapangika mistari, zikakatana kama barabara na vichochoro, mpaka kule ambako hukujua ipi ni ya mvuvi na ipi ni nyota. Zilikuwa zikicheza kidogo kwa mawimbi. Nilihesabu mpaka sitini na tatu, nikapotea, nikaanza upya, nikaacha.

"Meli zilipitia hapa usiku," mzee akasema. "Nahodha mwenye adabu alipunguza mwendo ili asizivuruge nyavu. Basi mabaharia walikuwa wanakuja ukingoni kuangalia. Baba yako alikuwa akiangalia."

Nilikaa chini palepale kwenye saruji. Dani alikaa pembeni yangu, akaniwekea ncha ya leso yake begani. Kutoka majini ilikuja sauti ya mtu anacheka, mbali sana, iliyosafiri vizuri juu ya maji, kisha kimya tena.

Mashua zilirudi alfajiri. Nilikuwa ukingoni na wanawake wengine, nimekunja sketi, nikipokea makarai ya omena zinazong'aa kama sindano, nikikosea na kusahihishwa. Wanunuzi walipima kwa gorogoro, kopo la kupimia, na kubishana bei kwa Kijaluo na Kiswahili. Korongo walikuwa kumi na zaidi. Ilipofika saa tatu nyavu zote zilikuwa zimetandazwa, samaki wameanikwa, na wanaume wakaanza kupotea mmoja mmoja kwenye ile milango. Bawaba zikalia. Mtaa ukatulia. Mtu yeyote ambaye angeteremka na nduthi saa hiyo angeona nilichokiona mimi jana yake.

Nilifuta picha kumi na moja. Nikabakisha moja, ya mlango wa mzee, kwa sababu nilimwomba na akasimama mbele yake na kofia yake.

Dani alinisindikiza mpaka njia panda ya kupandia barabarani, tukizungumza kwa kunong'ona tulipopita kwenye nyumba. Alinifungia gorogoro moja la omena kwenye gazeti. Nikamuuliza nitakaporudi nimletee nini kutoka mjini. Alifikiri kidogo.

"Uliza bei ya betri za taa huko Kisumu," akasema. "Hapa wanatuuzia ghali."